Mgeni Chumbani mwa Waamuzi

Kiswahili hakijatulia juu ya jina la watu 12 wanaoketi upande mmoja wa ukumbi wa mahakama, Marekani au Uingereza, ili waamue kama mshtakiwa ana hatia au hana. Watangazaji husema "baraza la wazee wa mahakama". Wafasiri wengine huandika "baraza la waamuzi". Sebuleni, huko ughaibuni, neno ni "juri" tu, na kila mtu huelewa. Kati ya majina hayo matatu, la kwanza ndilo lililokosea zaidi, na ndilo linalofundisha zaidi. Mwamuzi wa Marekani anaweza kuwa na umri wa miaka 18. Hakuteuliwa kwa hekima yake wala kwa mvi zake. Jina lake limechotwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha, na barua ikatumwa.

Hao "wazee" wametoka kwingine. Afrika Mashariki, wazee wa baraza walikuwa watu walioketi pamoja na jaji katika kesi nzito, hasa za mauaji, wakatoa maoni yao, kisha jaji akaamua bila kufungwa na maoni hayo. Wakoloni waliwahitaji kwa kuwa walitarajiwa kuzijua mila za mshtakiwa. Kenya iliufuta utaratibu huo mwaka 2007. Basi Mswahili aliyepata uraia wa Marekani, akifungua barua ya kumwita mahakamani, huisoma akiwa na picha ya mzee anayejua: anaijua mila, anaujua mtaa, anazijua koo. Akijitazama, haoni kimojawapo. Jawabu la kwanza linalomjia ni udhuru: yeye ni mgeni, hawezi kuwahukumu watu wa watu.

Udhuru huo haufai kudharauliwa. Sheria ya mahakama za shirikisho za Marekani humtaka mwamuzi awe raia, awe ameishi katika eneo la mahakama kwa mwaka mmoja, na ajue Kiingereza kiasi cha kuweza kujaza fomu. Katika England na Wales mlango ni mpana zaidi: Mkenya au Mtanzania, akiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, anaweza kuitwa bila kuwa na uraia wa Uingereza, mradi amejiandikisha kupiga kura na ameishi huko miaka 5 tangu atimize umri wa miaka 13. Sheria, kwa hiyo, imeshamhesabu mgeni huyu kuwa mmoja wa waamuzi. Linalobaki ni kuuliza kama fasihi imemhesabu.

Kazi maarufu kuliko zote juu ya chumba hicho ni Twelve Angry Men ya Reginald Rose. Rose mwenyewe aliitwa kuwa mwamuzi mjini New York katika kesi ya kuua bila kukusudia, na kutokana na yale aliyoyaona akaandika mchezo wa televisheni uliorushwa Septemba 1954. Mwaka 1957 Sidney Lumet aliufanya filamu, na filamu hiyo ndiyo inayokumbukwa. Kijana wa miaka 18 kutoka mtaa wa mafukara ameshtakiwa kumchoma baba yake kisu. Siku ni ya joto, feni haifanyi kazi, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kura ya kwanza ni 11 dhidi ya 1. Huyo mmoja, mwamuzi wa 8 aliyeigizwa na Henry Fonda, hadai kwamba kijana hana hatia. Anataka tu wazungumze kabla ya kumpeleka mtu kwenye kiti cha umeme. Saa chache baadaye kura zote 12 zimegeuka.

Wahakiki wengi wamekaa na mwamuzi wa 8. Msomaji wa ughaibuni ana sababu ya kusogeza kiti chake karibu na mwamuzi wa 11. Huyu ni fundi saa, mhamiaji kutoka Ulaya, na lafudhi yake inamtangulia kila anapofungua kinywa. Aliigizwa na George Voskovec, msanii wa Kicheki aliyekimbilia Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuiliwa kwa miezi mingi katika kisiwa cha Ellis kwa kushukiwa siasa zake. Mtu aliyewahi kuwa mtuhumiwa mlangoni mwa nchi anaonyeshwa akiwa ndani, akipima tuhuma za mwingine.

Rose hampi mgeni huyu hotuba ndefu. Anampa mambo matatu, na yote yanahusu uangalifu. La kwanza ni lugha. Mwamuzi mmoja mwenye chuki anamdharau mshtakiwa kwa kutojua hata kusema Kiingereza sawasawa, na katika kusema hivyo anakosea sarufi yake mwenyewe. Anayemsahihisha, kwa upole, ni mhamiaji. La pili ni swali. Wenyeji wanapodhani wameshamaliza, yeye huangalia alichokiandika na kuuliza: kama kijana alimuua baba yake kweli, kwa nini arudi nyumbani saa tatu baadaye kukifuata kisu, mahali ambapo polisi wangeweza kuwa wanamsubiri? Kuuliza si ujinga, Waswahili husema. Hapa kuuliza ndiyo kazi yenyewe. La tatu ndilo zito zaidi. Mwamuzi mwingine, mwenye tiketi ya besiboli mfukoni na haraka ya kuondoka, anageuza kura yake ili mambo yaishe. Kura hiyo inaongeza nguvu upande ambao mhamiaji mwenyewe yupo. Hata hivyo anaikataa, anasimama mbele ya mtu huyo na kumdai sababu. Hataki ushindi ulioletwa na uvivu.

Hapo ndipo filamu inapofichua jambo ambalo mwamuzi wa 8 hawezi kulisema. Mwenyeji ameizoea haki kiasi cha kuiona kama foleni ya benki. Mgeni anajua kwamba kuitwa kwa barua, kutoka kazini na nyumbani, kuja kumwamua mtu usiyemjua na usiye na faida wala hasara kwake, ni jambo la ajabu. Analiona kwa kuwa ametoka mahali ambapo halikuwapo. Ugeni wake haumpunguzii sifa ya kuwa mwamuzi. Ndio sifa yenyewe.

Filamu hiyo haikosi dosari, na heshima yake kubwa isiwe sababu ya kuzinyamazia. Shujaa wake anavunja sheria: anakwenda dukani mwenyewe, ananunua kisu kinachofanana na kile cha mauaji, na kukichomeka mezani. Mwamuzi halisi hukatazwa kufanya uchunguzi wake binafsi, na nchini Uingereza kufanya hivyo ni kosa la jinai. Tena chumbani wote ni wanaume weupe. Kijana ambaye maisha yake yanajadiliwa anaonekana mwanzoni kwa muda mfupi, uso tu, hana neno. Anaokolewa na watu ambao wanaweza kumwonea huruma bila kulazimika kumsikiliza. Mgeni mmoja wa Ulaya ameingizwa chumbani. Wageni wengine wote wameachwa nje, katika mtaa alikotoka mshtakiwa.

Ni nini hutokea waamuzi wote wanapokuwa wenyeji, tena wenyeji wanaojuana? Jibu lipo katika ardhi ya Kenya. Karen Blixen, katika Out of Africa ya mwaka 1937, anasimulia habari za Kitosh, kijana Mwafrika aliyefanya kazi kwa mlowezi wa Molo. Kitosh alitumwa na farasi. Badala ya kumwongoza kwa kamba, akampanda. Kwa kosa hilo alipigwa, akafungwa ghalani, na usiku huohuo akafa. Mwaka 1923 bwana wake alishtakiwa. Sheria ya koloni ilimpa Mzungu haki ya kuamuliwa na waamuzi Wazungu, na hao wakaona kwamba kosa lilikuwa kujeruhi vibaya, si kuua. Adhabu ikawa kifungo cha miaka 2. Uamuzi huo uliegemea ushahidi wa kitabibu kwamba Kitosh alikufa kwa kuwa alitaka kufa.

Blixen anaichukua hoja hiyo ya utetezi na kuigeuza kuwa sifa: Kitosh, kwake, ni kiumbe huru aliyeamua kuondoka. Nathari yake ni nzuri, na uzuri huo ndio unaotia mashaka. Kwa kumpa marehemu adhama ya kujichagulia kifo, msimulizi anawapunguzia waamuzi mzigo wao. Ngũgĩ wa Thiong'o amemshutumu vikali mwandishi huyu kwa namna anavyowaona Waafrika, na kisa hiki kinaonyesha kwamba tatizo haliishii kwenye picha na tashbihi: linagusa hukumu. Methali inayokataza kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere haihitaji fafanuzi hapa. Walowezi wale waliijua hali ya mshtakiwa, waliyajua mashamba, wafanyakazi na farasi. Hawakukosa ujuzi. Walichokosa ni mtu mmoja chumbani ambaye mambo hayo yangemshangaza.

Upande wa pili wa sheria hiyohiyo unaonekana katika kesi ya Dedan Kimathi, iliyosikilizwa Nyeri mwaka 1956 na ambayo Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo waliifanyia tamthilia miaka 20 baadaye. Yeye alikuwa mbele ya jaji mkuu wa koloni na wazee wa baraza Waafrika, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Mlowezi alipewa waamuzi. Mwafrika alipewa washauri. Neno "wazee" linapotumiwa leo kutafsiri baraza la Marekani, linabeba historia hiyo bila kutangaza.

Hata hivyo, kuusifu ugeni pekee kungekuwa kurahisisha mambo. Susan Glaspell anaivuruga hoja hiyo. Akiwa mwanahabari jimboni Iowa aliandika habari za mwanamke aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa shoka, na baadaye akatunga tamthilia Trifles, ya mwaka 1916, na hadithi fupi "A Jury of Her Peers", ya mwaka 1917. Wanawake wa Iowa wakati huo hawakuketi katika mabaraza ya waamuzi. Katika hadithi, wanaume wa serikali wanapekua chumba cha kulala na banda, wakiwacheka wanawake wawili waliobaki jikoni na vitu vyao vidogo. Lakini jikoni ndiko ushahidi uliko: mshono wa mfarishi uliovurugika ghafla, tundu lililovunjwa mlango, na ndege aina ya kanari aliyenyongwa shingo, amevikwa hariri ndani ya kisanduku. Wanawake wanaelewa alichotendewa mke yule, na bila kuambizana wanamficha ndege.

Hapa ujirani ndio unaoona, na ugeni ndio upofu. Lakini ujirani huohuo unaficha ushahidi, kama ulivyoficha ujirani wa walowezi. Tofauti yao haiko katika kujua. Wanawake wa Glaspell wanamtetea asiye na nafasi chumbani. Walowezi wanamlinda ambaye chumba chote ni chake. Kazi hizi tatu zikisomwa pamoja, zinadokeza kwamba baraza la haki halijengwi na wajuzi peke yao wala wageni peke yao. Linahitaji anayejua jikoni kulivyo, na linahitaji anayeuliza kwa nini.

Utamaduni wa Kiswahili una mchango wake katika mjadala huu, nao umo ndani ya neno lenyewe. Baraza, kabla ya kuwa mkutano, ni kibao cha mawe nje ya nyumba, Lamu au Unguja, kinachotazama njia. Anayepita husalimia na kusikia. Wanaoamua ugomvi hapo watakutana kesho msikitini, sokoni na harusini, kwa hiyo hutafuta suluhu ambayo pande zote zitaweza kuishi nayo. Chumba cha Rose kimefungwa kwa ufunguo, hakitafuti suluhu, na watu wake hutawanyika wakiwa hawajuani. Kukiita chumba hicho "baraza" ni kukipa madirisha ambayo hakina. Lakini pia ni kuidai desturi hiyo ya kigeni itoe kile baraza lilichoahidi: kwamba aliye njiani naye asikike.

Hadithi ya Mswahili aliyeketi katika chumba hicho bado inasubiri mwandishi wake. Nchini Uingereza sheria humkataza mwamuzi kufichua mashauriano, hata baada ya kesi kwisha, na huko njia ya wazi zaidi ni ubunifu. Marekani, kesi ikishaisha, mwamuzi kwa kawaida yuko huru kusimulia. Waliokwenda wapo, na wanaosimulia wapo, kwenye simu na kwenye chai ya jioni: ugumu wa Kiingereza cha mawakili, hofu ya kukosea, mshangao wa kusikilizwa na watu 11 wasiojua Tanga iko wapi. Masimulizi hayo yakibaki sebuleni, kizazi kijacho kitaendelea kuipokea barua ile kama balaa la kutafutiwa udhuru.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwishoni mwa filamu ya Lumet, kwenye ngazi za mahakama, waamuzi wawili wanatajiana majina na kuagana. Ni wa 8 na wa 9, wote wenyeji. Fundi saa ameshaondoka. Alimdai mwenzake sababu, alisahihisha sarufi ya wenye lugha, alisaidia kumwokoa mtu asiyemjua, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.