Kinywa Kilichokataa Kusifu: Tungo za Gerhard Gundermann

Miongoni mwa maswali yanayomsumbua mhakiki, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili: mtungaji akionekana kuwa alitenda uovu, je, tungo zake zipunguziwe thamani? Wako wasemao kwamba utungo ni mtoto aliyekwisha kuzaliwa, nao haufai kuadhibiwa kwa kosa la baba yake. Wako wengine wasemao kwamba maji hayawi safi kuliko chemchemi yake. Kauli zote mbili zapendeza masikioni, lakini kila moja yamwondolea mhakiki kazi yake: ya kwanza yamruhusu kuyasahau maisha, na ya pili yamruhusu kuacha kusoma. Insha hii yakusudia kulijaribu swali hilo kwa mtungaji mmoja wa Ujerumani, Gerhard Gundermann, mwimbaji wa muziki wa roki, mshairi, na dereva wa mtambo wa kuchimba makaa, aliyezaliwa Weimar tarehe 21 Februari 1955 na kufariki Spreetal tarehe 21 Juni 1998.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushawishiwa kwamba wimbo waweza kuwa ushairi, maana kwetu shairi lisiloimbika huhesabiwa kuwa na kilema. Katika Ulaya jambo hili hubishaniwa bado, na mwimbaji wa roki huwekwa mara nyingi nje ya mlango wa fasihi. Gundermann hakusimama mlangoni kubisha hodi. Alitunga maneno yake mwenyewe, akayaimba kwa gitaa, na kuanzia mwaka 1992 kwa bendi yake iliyoitwa Seilschaft. Tumsome basi kama tunavyomsoma mtungaji yeyote, kwa kutazama maneno yanabeba nini.

Hatuwezi kumfahamu bila ya kuifahamu nchi iliyomlea. Mnamo Aprili 1959 ulifanyika mkutano katika mji wa viwanda wa Bitterfeld, na hapo viongozi wa Ujerumani ya Mashariki walitangaza siasa mpya ya sanaa: waandishi waende viwandani, na wafanyakazi nao washike kalamu. Dola ilitaka mshairi atoke shimoni, uso wake ukiwa na vumbi la kazi. Mwandishi Brigitte Reimann aliuitikia mwito huo. Akahamia Hoyerswerda mwaka 1960, mji uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa machimbo na viwanda vya makaa vya Schwarze Pumpe. Mji huo uliokuwa na watu wapatao 7,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulifikia zaidi ya 70,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo ndimo Gundermann alimofika mwaka 1967, angali kijana mdogo. Reimann alitoka nje kwenda kuwatazama wafanyakazi. Gundermann alikuwa mmoja wao. Kama siasa ya Bitterfeld ilizaa tunda moja kamili, basi tunda hilo ni yeye, ingawa halikuwa na ladha waliyoitarajia wapanzi.

Mwaka 1973 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi huko Löbau. Hakukimaliza. Alitakiwa kuimba wimbo wa kumsifu waziri wa ulinzi, Jenerali Heinz Hoffmann, akakataa. Naye akaondolewa mwaka 1975. Tendo hili lastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa ushairi, maana kazi ya kusifu wakubwa ni ya kale sana, na katika lugha nyingi ndiyo iliyowalisha watungaji. Kijana wa miaka ishirini aliyeipenda sare na kuiamini nchi yake alikataa kuuza sauti yake kwa cheo. Hakuwa mpinzani wa ujamaa, alikuwa muumini. Alikataa sifa kwa sababu aliona kwamba sifa haiusaidii ujamaa. Baada ya hapo alikwenda machimboni, akaanza kama msaidizi, akajifunza ufundi hadi akawa dereva wa mtambo mkubwa wa kuchimbia. Jioni aliimba katika kikundi cha waimbaji cha Hoyerswerda, ambacho baadaye kilizaa kikundi cha nyimbo na michezo kilichoitwa Brigade Feuerstein.

Sasa twafika kwenye fundo. Mwaka 1976, yaani mwaka mmoja tu baada ya kukataa kumsifu jenerali, Gundermann alikubali kuwa mtoa habari wa siri wa idara ya usalama wa taifa, Stasi. Alipewa jina la Grigori, akaendelea hadi mwaka 1984, akitoa habari za watu waliokuwa karibu naye. Mwaka huo huo wa 1976, mwezi wa Novemba, dola ile ile ilimnyang'anya uraia mwimbaji na mshairi Wolf Biermann alipokuwa safarini magharibi. Kwa hiyo, wakati mshairi mmoja alipofungiwa mlango kwa sababu ya nyimbo zake, mwingine alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma. Kinywa kilichokataa kusifu kwa sauti kilikubali kunong'ona. Walakini dola haikumwamini hata mnong'onezaji wake. Alijiunga na chama tawala mwaka 1977, akabishana na wakubwa wake juu ya kazi na uongozi, akafukuzwa chamani mwaka 1984, na mwishowe akawa yeye mwenyewe mtu wa kupelelezwa. Aliyekuwa sikio akawa mwenye kusikilizwa.

Wako watakaoona hapa unafiki mtupu, lakini mimi naona jambo gumu zaidi. Kukataa kwake na kukubali kwake vilitoka katika chemchemi moja, nayo ni imani kwamba nchi ile ilikuwa yake, na kwamba mwenye nyumba ana haki ya kusema wazi sebuleni na pia kuchungulia vyumbani. Imani ya namna hii ni hatari kuliko unafiki, kwa sababu mnafiki ajua kwamba anadanganya, lakini muumini hajui. Nalo swali la mhakiki ni hili: je, tungo zake zalijua jambo ambalo mtungaji hakulijua?

Tutazame picha inayotawala tungo zake, nayo ni picha ya kuchimba. Machimbo ya makaa ya kahawia ya Lausitz si mashimo membamba ya chini kwa chini. Mitambo huondoa uso wote wa nchi: misitu, mashamba, makaburi na nyumba. Tangu miaka ya 1920 vijiji zaidi ya 130 vya eneo hilo vimefutwa, vyote au sehemu zake, na vingi vyao vilikuwa vya Wasorbi, kabila dogo lenye lugha yake. Dereva wa mtambo huo hupata mkate wake kwa kuila nchi anayoishi. Gundermann aliipenda nchi hiyo na aliijua kwa majina yake yote mawili. Wimbo wake wa "Hoywoy" umepewa jina la utani la mji, lililofumwa kwa jina la Kijerumani, Hoyerswerda, na la Kisorbi, Wojerecy. Basi anapoimba juu ya ardhi, hasimami ukingoni akawalaumu wachimbaji. Yeye amekaa ndani ya mtambo, mkono wake uko juu ya usukani, na majonzi anayoyaimba ni majonzi ya mtendaji. Hapa ndipo anapoachana na washairi wengi wa mazingira ambao hulia juu ya uharibifu kana kwamba taa za nyumbani mwao zawaka kwa mwanga wa mbalamwezi.

Ufundi wake wa maneno ni wa namna moja na maisha yake: maneno ya kawaida yaliyobebeshwa mzigo wa pili. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1988, iliitwa "Männer, Frauen und Maschinen", yaani wanaume, wanawake na mashine. Mashine imeketi mezani kama mmoja wa jamaa. Bendi ya Seilschaft ina jina lenye maana ya watu waliofungana kwa kamba moja ili wapande mlima. Lakini baada ya mwaka 1990 Wajerumani walilitumia neno hilo hilo kwa makundi ya wakubwa wa zamani walioshikana mikono ili wasianguke. Albamu ya mwaka 1992, "Einsame Spitze", katika usemi wa kila siku ni sifa ya kitu kisicho na mfano, na kwa maana ya asili ni kilele cha upweke. Kamba na kilele, jamaa na upweke: twaona kwamba mtungaji alijua anachokichagua. Tena katika "Engel über dem Revier" ya mwaka 1997, neno "Revier" ni eneo la machimbo, ni eneo la mnyama anayelinda mipaka yake, na ni kituo cha polisi. Malaika aliye juu ya eneo kama hilo aweza kuwa mlinzi, naye aweza pia kuwa mpelelezi. Fumbo hili halikuwekwa ili kumkwepa mkaguzi, kwani mwaka 1997 mkaguzi alikwisha kuondoka. Limewekwa kwa sababu ukweli wenyewe una nyuso mbili.

Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, machimbo yalianza kufungwa, na mji uliokuwa umejaa ukaanza kumwagika. Leo umebakiwa na chini ya nusu ya watu wake wa zamani. Watu wa mashariki walijaa katika maonyesho yake, maana walimwona mtu asemaye hasara yao bila ya kuwadanganya kwamba zamani palikuwa peponi. Pamoja na umaarufu huo hakuacha kazi ya machimbo. Hakutaka nyimbo zimlishe, asije akatunga kwa ajili ya tumbo. Alipopoteza kazi katika miaka yake ya mwisho, alianza kujifunza useremala. Mshairi asiyetegemea shairi kwa chakula aweza kusema asilopenda msikilizaji.

Lakini mwaka 1995 habari za Grigori zilitangazwa. Wakati huo Wajerumani walikwisha kupita katika mabishano kama hayo. Mwaka 1991 mshairi Sascha Anderson, aliyesifiwa kuwa sauti huru ya Berlin ya Mashariki, alionekana kuwa alikuwa mtoa habari. Na mwaka 1993 ilijulikana kwamba hata mwandishi mashuhuri Christa Wolf aliwahi kutoa habari kati ya mwaka 1959 na 1962. Gundermann hakukana. Wako waliomwacha, na wako waliobaki. Mimi nasema kwamba habari zile hazikuzifuta tungo zake, bali zilitufundisha kuzisoma upya. Yule dereva anayeipenda ardhi na kuichimba ni yule yule aliyewapenda rafiki zake na kuwachimba. Wimbo wa "Gras", wenye picha ya nyasi zinazorudi baada ya madhara, tuliusoma kwanza kama faraja ya ardhi iliyojeruhiwa. Sasa twasikia ndani yake tumaini la mtu anayejua kwamba yeye ndiye aliyejeruhi, naye hana haki ya kuziamuru nyasi ziote.

Hata hivyo sifa hii ina mpaka wake. Katika tungo zake mara nyingi twaisikia sauti ya mtenda, na twaisikia vizuri mno. Mtendewa yuko mbali. Msomaji wa Afrika Mashariki atalihisi pengo hilo kwa namna yake. Kwa mapatano ya mwaka 1979, Ujerumani ya Mashariki ilichukua wafanyakazi kutoka Msumbiji, jirani yetu wa kusini, na baadhi yao walifanya kazi katika makaa ya Hoyerswerda. Mnamo Septemba 1991 wazalendo wakali wa huko, wakishangiliwa na majirani, walizishambulia kwa siku kadhaa nyumba walimokaa Wamsumbiji, Wavietinamu na wageni wengine, hata wageni wakaondolewa mjini kwa mabasi. Watu hao walikula vumbi lile lile lililoliwa na wenyeji. Mhakiki asimlaumu mtungaji mmoja kwa dhambi ya mji mzima, lakini aweza kusema kwamba ushairi wa machimbo hautakamilika mpaka waliofukuzwa nao wapewe beti zao.

Gundermann aliimba onyesho lake la mwisho katika kijiji cha Krams tarehe 14 Juni 1998, na baada ya wiki moja alikufa kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka 2018 Andreas Dresen alitoa filamu juu yake, na mwaka uliofuata filamu hiyo ilipewa tuzo kuu ya filamu ya Ujerumani. Wengi waliokuwa hawajamsikia walimjua kwa njia hiyo, nao walimjua kwa pande zote mbili, mshairi na Grigori. Hiyo ni heri, kwa kuwa mtungaji huyu hafai kugawanywa.

Turudi basi katika zile kauli mbili. Utungo si mtoto asiyehusika na baba, wala si maji yanayochafuliwa na chemchemi. Tungo za Gundermann ni ushahidi uliotolewa na mtu aliyekuwa ndani ya jambo, na thamani ya ushahidi haipimwi kwa usafi wa mikono ya shahidi bali kwa ukweli wa maneno yake. Palipo na unyamavu ndani yake, yafaa tuutaje. Palipo na ukweli, tuupokee, hata kama umetoka katika kinywa kilichowahi kunong'ona.