Silivu Haigongwi Irudi

Waliokuwa Gatumba Jumamosi ile, injini ya Peugeot 504 aliyonunua mwalimu mmoja ilipofunguliwa, waliona kwa macho yao, na wasiokuwapo wameshasimuliwa. Silivu ya tatu, ukihesabu kuanzia upande wa flaiwili kama Peugeot wenyewe wanavyohesabu, ilipanda. Fundi akaweka kipande cha ubao juu yake, akaigonga kwa nyundo mpaka ikakaa, akaipangusa kwa kitambaa, akaagiza aletewe gasketi ya hedi. Jioni injini ikawaka na watu wakapiga makofi. Nasema wazi tangu hapa: injini ile iliwashwa ikiwa mbovu kuliko siku iliponunuliwa, na kilichoiharibu si mafuriko ya Rusizi. Imeharibiwa na uamuzi wa dakika tano.

Kulinunua gari hilo kulikuwa sahihi. Barabara ya kwenda Bujumbura siku hizi ni Probox na Corolla tupu, na anayeingiza Peugeot 504 uani kwake anachekwa na watoto na wakubwa. Wacha wacheke. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na mkweche ule una usukani kushoto, mahali pake, wakati magari mengi ya Japani tunayoyasifia yanamlazimu dereva amwombe abiria amchungulie lori linalokuja. Mwalimu aliichokonoa chasi yote kwa bisibisi kabla ya kutoa hela, akang'oa nyaya zote zilizolowa kwenye mafuriko ya 2024, akafungua breki magurudumu yote manne, na klachi ikabadilishwa kwa kurudisha nyuma difu pamoja na bomba la propela, kama inavyotakiwa kwenye 504. Petroli yenyewe ni ya kupanga foleni, kwa hiyo gari lililolala uani halimpotezei mtu safari, na muda wa kulitengeneza kwa utaratibu upo. Kazi nzuri. Twende kwenye hedi.

Wasomaji wa safu hii hawahitaji kuelezwa XN1 ya 504 ni injini gani, cc 1971, kabureta, hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Nikumbushe mambo mawili tu, kwa sababu ndiyo yaliyosahauliwa uani pale. La kwanza, injini hii imelala upande kwa nyuzi 45, kwa hiyo kila uchafu wa ndani ya njia za maji hukusanyika upande mmoja, kwenye miguu ya silivu. La pili, silivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikushindiliwa kwenye bloku. Zimesimama ndani ya maji. Zinaingizwa kwa mkono, zinakaa juu ya gasketi ndogo nyembamba za chini, na kinachozibana ni hedi peke yake. Hedi ikitoka, hakuna kinachozishika isipokuwa kutu na mazoea.

Hedi yenyewe ilitolewa vizuri. Fundi hakuivuta juu. Aliitikisa kushoto na kulia mpaka ikaachia, na silivu zote nne zikabaki mahali pake. Ndiyo maana kilichofuata kinauma zaidi, maana mtu anayejua kuitikisa hedi ya Peugeot anajua pia kwa nini inatikiswa. Hapo ndipo vibanio huwekwa: vipande viwili vya chuma bapa, bolti zinazopita kwenye matundu ya bolti za hedi, na washa pana zinazokalia ukingo wa silivu. Chuma bapa kilikuwepo, kiliegemezwa ukutani karibu na pipa. Bolti zilikuwa kwenye kopo. Ingekuwa kazi ya nusu saa.

Mwalimu aliuliza, na ninamheshimu kwa kuuliza: "Fundi, hizi hazibanwi kwanza?" Akajibiwa asiwe na wasiwasi, wanazungusha kidogo tu wasafishe vichwa vya pistoni. Spana ikawekwa kwenye puli ya kranki. Pistoni ya kwanza na ya nne zikashuka, ya pili na ya tatu zikapanda, na ya tatu, yenye mduara wa kutu uliobaki tangu gari lilipolala kwenye maji, ikakwama kwenye ukuta wa silivu na kuibeba. Nilikuwa nimeinama juu ya bloku. Ukingo wa silivu ulisimama juu ya uso wa bloku kwa unene wa ukucha, na kutoka chini yake yakatiririka maji meusi yenye chembechembe, yakapotelea upande ule injini ilikoinamia.

Kuzungusha lilikuwa kosa, na kosa lina dawa. Silivu ikishapanda, kila fundi wa Peugeot anajua la kufanya: fungua sampu, legeza konrodi, toa silivu zote nne na pistoni zake, kwangua vikalio mpaka uone chuma kinachong'aa, weka gasketi mpya za chini, rudisha, kisha upime kwa rula ya chuma na fila geji ni kiasi gani kila silivu imezidi uso wa bloku. Kipimo hicho ni cha sehemu chache za mia moja za milimita. Ikizidi mno, inainyanyua hedi na jirani zake hazibanwi. Ikipungua, gasketi ya hedi haipati mgandamizo na gesi inatafuta njia. Wembamba wa tofauti hiyo ndio sababu Peugeot walitoa gasketi za chini za unene mbalimbali, fundi achague.

Sasa jiulize nyundo inapima nini. Chini ya ile silivu kulikuwa na chembe za kutu na matope ya mafuriko, zimeingia palepale ilipoinuka. Gasketi ya chini ilikuwa imeng'oka kwenye kikalio chake baada ya miaka mingi, na gasketi ya namna ile ikishang'oka haishiki tena. Kuigonga ni kuzishindilia chembe zile katikati ya chuma na chuma na kuipasua gasketi kabisa. Kwa juu silivu inaonekana imekaa. Ukipitisha kidole hugundui kitu, kwa sababu kidole hakisomi sehemu za mia za milimita. Fila geji haikutoka mfukoni mwa mtu yeyote siku ile.

Nilisema palepale. Nikajibiwa, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani." Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu, na nitazijibu. Kwamba gasketi za chini hazikuwemo kwenye pakiti: ni kweli, kwa sababu ilinunuliwa seti ya juu badala ya seti nzima, na dawa yake ni kurudi kununua seti nzima. Kwamba kufungua sampu kungeongeza siku: ingeongeza siku, kwa gari lililolala uani zaidi ya mwaka. Kwamba watu walikuwa wanasubiri kuisikia. Hii ya tatu ndiyo iliyoamua, na ndiyo mbaya kuliko zote. Injini haifungwi kwa ajili ya watazamaji.

Tena makofi hayathibitishi chochote. XN1 yenye silivu inayovuja chini huwaka vizuri sana saa ya kwanza. Maji yanaingia kwenye sampu kidogo kidogo, hayaonekani, mpaka siku utakapochomoa kijiti cha oili ukute imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku hiyo beringi za kranki zimeshakunywa maji, na ukarabati ambao ungekuwa wa gasketi sasa ni wa kranki nzima. Na spea za kranki ya 504 hazipatikani kila kona kama za Corolla.

Kwa nini fundi hodari afanye hivi? Sidhani ni uzembe. Vijana wetu wamejifunzia Toyota, na Corolla za gereji zetu zina silinda zilizoungana na bloku yenyewe. Ukitoa hedi ya Corolla unaweza kuzungusha kranki kutwa nzima, hakuna kinachopanda, kwa sababu hakuna kinachoweza kupanda. Mkono umezoea hivyo mwaka hadi mwaka, na mkono hauulizi jina lililoandikwa kwenye boneti. Nimeyaandika haya mara nyingi na nitayaandika tena: gereji zetu zimekuwa za gari moja. Ubaya wake hauonekani mpaka siku linapoingia gari la pili.

Mafundi wa mtaa wa Buyenzi wa enzi ya 404 hawakuwa hivyo. Wengi hawakusoma kitabu chochote cha kiwanda, lakini vibanio vya silivu walikuwa navyo, wamevichonga wenyewe, vimening'inia kwenye msumari pamoja na spana. Ukileta Peugeot, kibanio kinashuka kabla ya hedi kutoka. 404 na 504 ni injini za ukoo mmoja, zimelala vilevile kwa nyuzi 45, silivu zimesimama majini vilevile, na aliyeijua moja aliijua nyingine.

Na tusidanganyane kwamba haya ni magari ya kuonea huruma. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Nick Nowicki aliishinda 1963 na 1968 kwa 404 vilevile, na miaka yote miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. 504 ikashinda 1975 na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ni matope ya Afrika Mashariki hayahaya, na silivu zao nazo zilisimama majini. Zilivumilia kwa sababu zilifungwa na watu waliopima.

Mkubwa wa washindi wa Safari katika habari hii hata hakushinda kwa Peugeot. Joginder Singh, mtoto wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, aliingia Safari ya 1965 na Volvo PV544 iliyokwishatumika, ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeikimbiza kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mitindo ya zamani, lililochoka, ambalo wengi hawakulitazama mara mbili. Yeye na nduguye Jaswant walilitengeneza, wakashinda. Wanaomcheka mwalimu kwa kununua gari lisilotakiwa na mtu wakumbuke jina hilo. Na fundi wake alikumbuke pia, kwa sababu Joginder hakushinda kwa kuharakisha kufunga injini.

Kwa kuwa tumefungua boneti, niseme na mengine. Thamostati ilitolewa na kutupwa, kama kawaida yetu, eti Gatumba kuna joto. Joto la Gatumba halihusiani na thamostati. Bila hiyo, injini inakaa baridi muda mrefu kuliko inavyopaswa, kabureta inamwaga mafuta ya ziada, na mafuta hayo yanaosha oili kwenye kuta za silivu zilezile tunazozililia hapa. Katika nchi ambayo mtu anapigania lita moja ya petroli, kutupa thamostati ni kumwaga petroli barabarani. Feni ya 504 nayo ina klachi yake ya umeme: inajishika maji yakipata moto, inajiachia yakipoa. Imeunganishwa moja kwa moja izunguke muda wote. Ni kitu Peugeot walikifikiria vizuri na sisi tumekifuta kwa waya wa sentimita ishirini.

Halafu maji ya rejeta. Ndoo ilitoka ziwani. Tanganyika iko karibu na ni rahisi kuchota, lakini maji yake yana chumvichumvi nyingi na pH inayokaribia 9, na aluminiamu haipendi maji ya namna hiyo. Hedi ya 504 ni aluminiamu tupu. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye mabati ni bora mara nyingi zaidi, na Gatumba, Mungu anajua, mvua hatujapungukiwa. Kinga mvua, ichuje kwa kitambaa safi, changanya na kulanti ya rejeta, mimina.

Na sasa nasikia wameanza kumshauri mwalimu atie injini ya Corolla yaishe. Hayataisha. Giaboksi ya 504 imefungwa pamoja na bomba la propela mpaka kwenye difu. Ukibadilisha injini unabadilisha giaboksi, ukibadilisha giaboksi huna pa kulifunga bomba, na bomba ndilo linaloishika difu isizunguke. Utakuwa umenunua gari moja na kuchomelea mawili. Asikubali.

Mwalimu, ombi langu ni moja. Usiiwashe tena, hata kwa kuwaonyesha wageni. Mwaga oili leo kwenye chombo kisafi, iache usiku kucha, asubuhi uone kama kuna maji chini. Yawepo au yasiwepo, hedi itoke, vibanio viwekwe, sampu ifunguliwe, na silivu zote nne zitoke kwa pamoja, siyo ya tatu peke yake, kwa sababu kranki ilizungushwa na zote zilikuwa huru. Nunua seti nzima ya gasketi. Mtafute mzee mmoja wa Buyenzi aliyewahi kufunga 404, mlipe siku yake, na fundi wako asimame pembeni yake ajifunze. Chuma bapa bado kimeegemea ukutani, karibu na pipa.