Majaliwa na Hiari Katika Michezo ya Video

Vijana wa Likoni na Kisauni huifahamu michezo ya video kuliko walimu wao. Aghalabu sisi wazima huiona kuwa ni kupoteza wakati. Walakini baadhi ya michezo hiyo ni hadithi ndefu, na hadithi haina budi kupimwa kwa kipimo cha hadithi.

Na tuitazame miwili iliyotolewa mwaka wa 1997. Wa kwanza, Final Fantasy VII, ulitungwa Japani. Mchezaji hupewa shujaa, Cloud, mwenye jina lake na maisha yake ya nyuma. Katikati ya safari rafiki yake mwema, Aerith, huuawa kwa upanga. Mchezaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kumwokoa. Wa pili, Fallout, ulitungwa Marekani. Humo mchezaji humuumba shujaa wake mwenyewe, akamtoa katika handaki walimojificha wazee wake zamani za vita vya atomiki, aende kutafuta kifaa cha mtambo wa maji. Akipenda husema kweli, akipenda huiba. Na hatima ya miji mingi hufuata matendo yake.

Yamkini mtu atasema kuwa Mjapani husimulia majaliwa, na mtu wa Magharibi husimulia hiari. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Dragon Quest, mchezo wa Kijapani wa mwaka wa 1986, ulijifunza kwa Wizardry na Ultima, michezo ya Kimarekani. Tena, mwisho wa Fallout, shujaa aliyewaokoa watu wake hukatazwa na mkuu wao kurudi nyumbani, wala hapana hiari ya kuufungua mlango.

Hapo michezo yote miwili hukutana na Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu. Tunajua kuwa mwanawe atamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba hali amelala, na kila tusikiapo hadithi hiyo twatamani kumwamsha. Hatuwezi, na kwa kutoweza huko tunajua tulivyompenda.

Kwa maoni yangu, hiari hutufunza kuwajibika, na majaliwa hutufunza kuomboleza. Mtu huhitaji yote mawili. Basi kijana amalizapo mchezo asijiulize tu kama ameshinda. Ajiulize pia lipi alilitenda, na lipi lilimpata tu. Akiweza kujibu, wakati wake haukupotea.