Mtoto Mtendaji na Mtoto Mtazamaji: Uhakiki wa Baleti ya The Nutcracker Jijini Nairobi na Funzo Lake kwa Dadamu, Nile Magharibi

Ngano ya Ulaya inapochezwa kama baleti na vijana wa Afrika Mashariki, wahakiki huelekea kuuliza kama huo si uigaji mtupu. Makala hii inashikilia kwamba swali hilo halifiki kwenye kiini. The Nutcracker, ngano ya mwanasesere wa kuvunjia njugu, ilichezwa na wanafunzi wa Dance Centre Kenya, wakiwamo watoto wa Kibera, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi mnamo Desemba 2016. Kazi hiyo haijawahi kuwa mali ya utamaduni mmoja. E.T.A. Hoffmann aliiandika kwa Kijerumani mwaka 1816. Alexandre Dumas akaisimulia upya kwa Kifaransa mwaka 1844. Tchaikovsky akaitungia muziki wa baleti iliyoonyeshwa kwanza St Petersburg mwaka 1892. Hata ngoma yake ya "Kiarabu", inayowakilisha kahawa, ilitokana na bembelezi ya Kijojia. Kazi iliyojengwa kwa kuazima haihukumiwi kwa kigezo cha usafi wa asili.

Swali zito zaidi ni la muundo. Katika sehemu ya kwanza Clara hutenda: humrushia kiatu Mfalme wa Panya na kumwokoa mwanasesere. Katika sehemu ya pili huketi, na ulimwengu huletwa mbele yake kama tafrija ya kahawa, chai na chokoleti. Mtoto mtendaji hugeuka mtazamaji. Watoto wa nchi inayolima kahawa na chai wanaposhika jukwaa hilo, wanapata nafasi ambayo baleti ya kifalme haikuwawazia. Hata hivyo, kubadili wachezaji peke yake hakubadili muundo.

Ndipo suala hili linapoihusu Dadamu, kando ya Arua. Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, unatambua sanaa za maonyesho kuwa somo. Shule ya huko ikiichagua ngano hii haitakosa malighafi: mabaragumu ya agwara, adungu ya Waalur, na kahawa ya milima ya Zombo. Lakini kuvibandika vitu hivyo katika sehemu ya pili kungerudia udhaifu uleule, mila za wenyeji zikawa peremende za kumfurahisha aliyeketi. Agwara inafundisha kinyume chake. Kila baragumu hutoa sauti yake chache, na wimbo huzaliwa mabaragumu yakipokezana. Anayenyamaza huacha pengo. Clara wa Dadamu angeinuka na kushika zamu yake.

Kwa wakuza mitaala na wafadhili, basi, kipimo kisiwe asili ya ngano wala uzuri wa mavazi. Kipimo ni kama kijana, hadi pazia linapofungwa, angali mtendaji, na kama mafunzo aliyopewa yalitosha kumwezesha kuwa hivyo.