Masanduku ya Willy Wonka

Mtu akiniambia tutenganishe mwandishi na kazi yake, huwa namuuliza: na pesa je, nazo tumezitenganisha? Kwa Roald Dahl jibu ni rahisi. Mwaka 2021 Netflix ilinunua kampuni inayosimamia vitabu vyake. Ni mwaka mmoja tu baada ya familia yake kuonekana ikiomba radhi kwa matamshi yake dhidi ya Wayahudi, yeye akiwa kaburini miaka 30. Mimi sijasema kitu.

Jukwaa ndilo limemtunza zaidi. Matilda ya Royal Shakespeare Company ilianza 2010, na ukweli usemwe, ni nzuri. Dennis Kelly, aliyeandika mchezo, na Tim Minchin, aliyetunga nyimbo, walimpa Matilda kitu ambacho Dahl hakumpa: hadithi yake mwenyewe, ya mwanasarakasi, anayomsimulia mkutubi, hadi inageuka kuwa historia ya mwalimu wake. Kitabuni yeye ni msomaji, jukwaani ni mtunzi. Mlioiona filamu ya 2022 mnajua ninachosema. Hapo sifa zinamwendea Dahl, lakini kazi ilifanywa na wengine.

Charlie ndiye ananisumbua. Katika toleo la kwanza, la 1964, wafanyakazi wa kiwanda cha Wonka ni mbilikimo kutoka msitu wa Afrika. Wamesafirishwa ndani ya masanduku na mshahara wao ni kakao. Watu wakalalamika, na toleo la 1973 likawapa ngozi nyeupe na nchi ya kubuni. Masanduku yakabaki. Hebu fikiria: kilichobadilishwa ni rangi, si biashara yenyewe. Kisha mchezo wa nyimbo ukafika London 2013 na Broadway 2017, na pale ambapo ungeuliza hawa watu walifikaje hapa, unaletewa dansi.

Na huyu hakuwa mtu wa kuijua Afrika kwa ramani. Alifanya kazi Shell huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1930, akajifunza Kiswahili. Vita vilipoanza 1939 akaja Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, na hapa hapa ndipo alipofunzwa kurusha ndege. Katika Going Solo anamwandika mtumishi wake, Mdisho, kwa upendo. Upendo wa bwana mkubwa, sawa, lakini upendo. Miaka 25 baada ya kuondoka Dar, akaandika yale masanduku.

Ndiyo maana naipenda Giant ya Mark Rosenblatt, iliyofunguliwa Royal Court, London, 2024, John Lithgow akiigiza Dahl. Haipambi kitabu chochote. Inamketisha mzee mwenyewe nyumbani kwake, 1983, wachapishaji wakimbembeleza aombe radhi. Anachekesha, anajali, ana maumivu ya mgongo, unaanza kumhurumia, halafu anafungua mdomo. Maneno makali zaidi hayakubuniwa. Dahl aliyatamka kweli, akihojiwa na gazeti la New Statesman.

Giant inahusu Wayahudi, na ni haki yao. Mchezo wa Mdisho bado sijauona. Namwazia amezeeka, mjukuu anamsomea Charlie kwa sauti, toleo la 1964, na wamefika pale kwenye masanduku.