Nani Aliandika Jina la Kijiji?

Habari za teknolojia kutoka mkoa wa Mara zina umbo moja, na ukishasoma tatu ya nne unaijua kabla hujaifungua. Kuna usiku. Kuna msichana anakimbia pekupeku, kuna kisu, kuna wazazi wasiosikia la mtu. Halafu inaingia simu yenye ramani, na kunakucha. Nimezisoma nyingi, kwa Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili, na siku hizi nazisoma kama ninavyosoma hadithi fupi: nani kapewa kutenda, nani kapewa kuteseka, nani hakupewa hata sentensi moja.

Nisieleweke vibaya, jambo lenyewe ni kweli na ni zito. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu 1998. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Msimu wake ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kuvuja damu, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na nyingine Butiama.

Sasa basi, fikiria usiku wenyewe. Simu inaita. Msichana, au jirani yake, anataja kijiji na kitongoji. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wapo, gari likipatikana nalo lipo. Lakini kitongoji kiko wapi? Miaka kumi na kitu iliyopita ungefungua ramani ya simuni ungeona Mugumu, ungeona Hifadhi ya Serengeti, kisha eneo kubwa la watu wanaoishi, wanaolima na kuzika hapo, tupu kama daftari jipya.

Mwaka 2015 Mwingereza Janet Chapman alianzisha Crowd2Map Tanzania ili kujaza utupu huo ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza Uingereza mwaka 2004 na ambayo yeyote anaruhusiwa kuichora. Namna inavyofanyika ni rahisi kueleza. Mtu yuko kwake Ulaya au Marekani, jioni baada ya kazi, anafungua picha ya setilaiti, anaona duara dogo la paa la nyasi, analizungushia mstari. Anaona ukanda mwembamba wa udongo, anauita barabara. Huko aliko hawezi kujua kama hiyo ni njia ya gari au ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wala kama Aprili inapitika. Maelfu ya watu wamefanya hivyo, na kwa kweli wamefanya kazi kubwa.

Ila wakimaliza, ramani ina nyumba chungu nzima na haina neno hata moja.

Hapa ndipo habari zile huharakisha. Aya mbili tatu kwa wachoraji wa ng'ambo, idadi ya majengo waliyochora, nukuu moja tamu, kisha tunarukia uokoaji. Hatua iliyo katikati hupewa kishazi: "kwa msaada wa wenyeji". Mimi ningekaa hapo katikati. Kuna mtu wa kijijini alikwenda kwa miguu, simu mkononi, akaandika kwamba hii ni shule na inaitwa hivi, hii ni zahanati, hapa ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, huu mto unaitwa hivi ng'ambo hii na vile ng'ambo ile. Mstari bila jina hautamsaidia askari saa nane ya usiku, kwa sababu msichana hapigi simu akataja latitudo. Anataja jina.

Na majina ya kwetu si mchezo. Chukua ramani ya Tarime uhesabu yanayoanza na Nya-: Nyamongo, Nyamwaga, Nyamwigura, Nyarero, Nyanungu, Nyarokoba. Mgeni anayasikia yote kama jina moja linalokohoa. Halafu kuna Rung'abure upande wa Serengeti na Gorong'a upande wa Tarime, zenye ile ritifaa ambayo walimu wetu wa darasa la tatu waliipigania kwa kiboko. Katika simu ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili tofauti kabisa, na wapo wanaoiacha kabisa kwa haraka. Anayeandika jina la kijiji kwenye ramani anafanya kazi ileile ya mhariri wa kamusi: anaamua tahajia ambayo wengine wataitafuta.

Kuna na watu. Shuka stendi ya Mugumu uulize kwa Mwita, utaulizwa Mwita yupi, wa Marwa au wa Chacha? Ukisema wa Chacha, hapo ndipo swali linaanza upya. Nyumba huku hutambulika kwa mtu, na mtu kwa baba yake na ukoo wake. Ujuzi huo wazee wa mila wanao wote kichwani, na ngariba anao. Wao hawajawahi kuhitaji ramani. Kwa hiyo ramani ya Serengeti imehamisha sehemu ya kile walichokijua wazee kwenda kwenye simu ya askari na ya mama wa nyumba salama. Hilo ni tukio kubwa kuliko programu yoyote mpya, na sijaona mwandishi wa habari za teknolojia aliyelieleza hivyo.

Angalia pia msamiati. Wanaochora kutoka mbali huitwa watu wa kujitolea, na wenye ujuzi wa mitambo huitwa wataalamu wa TEHAMA. Mwanakijiji mwenye simu anaitwa "bingwa wa kidijitali", tafsiri ya jina la Kiingereza ambayo imetoka vibaya. Bingwa wa nini? Kashindana na nani? Na ripoti ikiwa ndefu kidogo yeye na msichana wote wanaishia kwenye kapu moja, "wanufaika". Jamani, mtu aliyetembea kilomita kadhaa kuandika majina ya vitongoji ananufaika na nini, kama si dunia nzima inayonufaika naye? Mwaka 2022 tulikuwa na makarani wa sensa, na vishikwambi vyao, wakihesabu watu 61,741,120 nyumba kwa nyumba. Karani ni neno la zamani na halina madoido, lakini lina kazi ndani yake na lina posho. Ningeliazima hilo. Karani wa ramani: ukilisikia unajua anafanya nini, na unapata ujasiri wa kuuliza analipwa kiasi gani.

Swali la malipo si la Mara peke yake. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama kusoma maandishi ya ukatili na kuyabandika majina, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyatambua, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mwaka mmoja kabla, Daniel Motaung, aliyefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni hiyohiyo, alikuwa amekwisha kufungua kesi Nairobi. Sisemi mambo haya mawili yanalingana. Kule kuna faida ya mabilioni, huku kuna shirika dogo linalohangaika na mafuta ya gari. Nayataja pamoja kwa sababu ya sarufi yake: kote kuwili kazi ni ya kutaja vitu majina, kompyuta haiwezi kuifanya bila mtu aliye karibu na jambo, na mtu huyo ndiye wa mwisho kuitwa mfanyakazi wa kompyuta. Kijana wa Tarime anayemaliza kidato cha sita akiulizia ajira za kompyuta anaambiwa akajifunze kuandika programu, na ushauri huo si mbaya. Haambiwi kwamba ile kazi ya kutaja nayo ni ajira, na kwamba watu wapo mahakamani kwa ajili yake.

Kati ya kazi zote zilizotolewa kuhusu Mugumu, ninayoirudia ni filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, yaani kwa jina la binti yako. Ni filamu ya mgeni, mwandishi wa habari wa Kanada, na nilikaa kuitazama nikiwa nimekunja uso tayari kwa kero. Kero haikuja kama nilivyoitegemea. Filamu haina haraka ya kufika kwenye ukombozi. Inakaa na wasichana waliokimbia, inakaa na Rhobi na polisi, na inafika mahali ambapo habari za teknolojia hazifiki kabisa: siku wazazi wanapokutana na binti yao na kuulizwa, akirudi nyumbani mtamwacha salama? Mahali hapo ramani haina la kusema. Gari limekwisha fika, njia ilijulikana, msichana yuko hai, na bado hadithi iko katikati. Ningependa kila anayeandika kuhusu simu zinazookoa wasichana aanzie hapo badala ya kuishia usiku wa uokoaji.

Kuna swali moja ambalo sijalikuta likijadiliwa kwa kina, nalo ni la fasihi kabisa: nani msomaji? Ramani huria inasomwa na askari, na inasomwa vilevile na baba mwenye hasira aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari. Kila jina linaloandikwa linaandikwa kwa wote wawili. Karani mwenye akili anajua kipi akiandike na kipi akiache, kama mama anayesimulia ngano mbele ya wageni. Ukimya wake ni sehemu ya kazi, nao hauhesabiki kwenye takwimu za majengo yaliyochorwa.

Kisha kuna Sirari. Mstari wa mpaka unapita hapo, upande wa pili ni Isebania, Kenya, na Wakurya wako huku na huku, ndugu kwa ndugu. Msimu ukibanwa upande mmoja wapo wanaowavusha mabinti upande wa pili. Kwenye ramani mpaka ni nukta zilizopangwa. Kwa miguu ni soko. Huku kwetu msichana huandikwa Bhoke, ng'ambo huenda akaandikwa Boke. Ghati wa Tarime huenda kule akaandikwa Gati. Kama simu imeita upande huu na gari linahitajika upande ule, taarifa ya polisi inaweza kutumwa na h, na kule ikatafutwa bila h.