Kasiksi nzuri hujulikana kwa funda la pili

Anayetaka kuijua kasiksi aulize umri wake kabla ya kuuliza bei. “Mama, hii iko ya siku ngapi?” Muuzaji anayeijua kazi yake hujibu papo hapo: ya jana, ya juzi, ya leo asubuhi. Anayejibu “iko muzuri tu” mwache, nenda kwa mwenzake.

Pombe hii ya ndizi haina maisha marefu. Siku ya kwanza bado ni mutobe, maji matamu ya ndizi. Siku ya pili hamira imekwisha kula sehemu kubwa ya sukari na kuacha kileo na gesi. Siku ya tatu inakuwa kali, na baada ya hapo bakteria wa siki, ambao hustawi penye hewa, huanza kuimiliki. Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi na usiku wake una baridi, kwa hiyo huku pombe huiva polepole kuliko kwenye mabonde ya joto. Ndiyo maana hesabu ya siku peke yake haitoshi, lazima uonje.

Lakini sehemu kubwa ya ladha huamuliwa kabla ya hamira kufanya kazi. Ndizi za pombe za nyanda hizi za juu zina tanini, ile inayoleta ukakasi kinywani, na mpikaji mzuri huutuliza ukakasi huo kwa kuzivundika vizuri: shimoni, chini ya majani ya mgomba, siku nne hadi sita, mpaka wanga wote ugeuke sukari. Kuna pia ndizi ndogo iitwayo Yangambi Km5, iliyopata jina kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo. Hiyo ni tamu na haina ukakasi mwingi. Mutobe wake hulewesha pua kwa harufu, ila ukiitumia peke yake pombe inakosa mgongo. Mimi napenda mchanganyiko wa hizo mbili.

Ndizi zikiiva humenywa na kupondwa pamoja na nyasi ndefu zinazosaidia kuachanisha maji na nyama, kisha maji hukamuliwa, huchujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Hapa ndipo wengi huiba. Mkamuo wa kwanza ni mzito. Makapi yakimwagiwa maji na kukamuliwa tena hutoa mutobe mwepesi, na huo ukiongezwa sukari ya dukani hupanda kileo vizuri kabisa huku ladha ikiwa imebaki nyuma. Kasiksi ya namna hiyo inalewesha, lakini haina tunda ndani yake.

Sasa mimina. Acha kikombe cha plastiki na mrija kwa leo, chukua glasi safi. Rangi iwe ya ukungu, kati ya manjano iliyofifia na kahawia. Kasiksi inayoangaza kama maji imeongezwa maji. Tazama ukutani mwa glasi: chembe ndogo za mtama zikipanda na kushuka na vipovu ni dalili kwamba hamira bado iko hai. Povu likikosekana kabisa siku ya pili, ama chachu ilishindwa, ama bidoni ilikaa wazi.

Nusa mara mbili. Mara ya kwanza bila kutikisa, ya pili baada ya kuzungusha glasi. Utapata harufu ya ndizi mbivu, na si yote inayotoka kwenye tunda: hamira yenyewe hutengeneza harufu hiyohiyo, na ndiyo maana bia za ngano za Bavaria hunukia ndizi ingawa hakuna ndizi iliyoingia kwenye pipa. Chini yake tafuta mtama uliokaangwa, majani makavu, pengine moshi kidogo. Moshi kidogo naukubali. Harufu ya rangi ya kucha ni kasoro. Harufu ya siki ni kasoro kubwa zaidi. Harufu ya mafuta ya taa au petroli maana yake ni bidoni iliyobeba mafuta kabla ya kubeba pombe. Hiyo usiionje, imwage.

Kisha funda dogo. Lieneze ulimini, subiri, meza. Funda la kwanza hudanganya kwa sababu kinywa bado kina ladha ya ulichokula. Hukumu uitoe kwa la pili. Utamu uje kwanza, uchachu uufuate upesi na kuukata, ukakasi ubane kidogo pembeni mwa ulimi na kuachilia. Vitatu hivyo vikivutana bila kimoja kushinda, umepata kasiksi ya kweli. Utamu ukibaki peke yake, bado changa. Uchachu ukichoma koo, imepita. Ukakasi ukiganda kwenye fizi na kuacha unga kinywani, ndizi zilitolewa shimoni mapema, mara nyingi kwa haraka ya siku ya soko.

Pua hufundishwa. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha gurudumu la harufu za mvinyo, na njia yake ilikuwa kunusa vitu vya kawaida pembeni ya glasi mpaka kila harufu ipate jina. Tunaweza kufanya hivyo hapa bila gharama. Panga vikombe mezani: marakuja, ndizi iliyoiva kupita kiasi, mtama uliokaangwa, siki, jani bichi la mgomba, asali. Nusa kimoja, nusa kasiksi, rudia. Utashangaa namna marakuja inavyojitokeza.

Zoezi hilohilo linafaa kwa bia, ingawa lengo lake ni jingine. Primus, inayopikwa Kongo tangu 1926, inasifiwa kwa kufanana na jana yake. Ukiikuta na tofauti, tafuta kosa, kwa mfano chupa iliyokaa juani. Usiionje ikiwa baridi kama barafu, kwani baridi huziba harufu.

Kanyanga, pombe ya kunereka, ni habari nyingine. Hapo ulimi si mlinzi. Methanoli haina ladha ya kuitambua, na moto wa buluu hauthibitishi chochote. Pombe ya kunereka ambayo humjui mpishi wake usiionje, hata kwa kijiko.

Jambo moja linanisumbua. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, huifanya ndizi iive kabla ya kukomaa na kuiozesha ndani, na huenezwa na panga lisilosafishwa na wadudu wanaotembelea ua. Mkulima anayekata ua dume kwa kijiti chenye pacha na kuchoma panga lake motoni anailinda pia ladha ya glasi yako. Kwa hiyo ukimpata mama ambaye kasiksi yake inapita funda la pili, mlipe bei aliyoitaja, usiombe punguzo, na umuulize ndizi zake zinatoka shamba gani.